Mvi za Papa Faraja

Dzaleka, 11 Februari 2024

Mudogo yangu Balagizi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, kambi ya wakimbizi. Mi niko muzima, mugongo tu njo inanisumbua. Faraja anakusalimia, alisha timiza miaka kumi na tano na viatu vyangu haviingii tena kwa miguu yake. Mvua imetoboa bati fasi mbili, tumeweka ndoo, tunalala. Bibi yako Nicole na batoto, namna gani? Yule mudogo alisha anza kutembea?

Usiniulize kwa nini ninakuandikia barua wakati telefone iko. Kwa telefone unaitika ukitembea, "ndiyo yaya, ndiyo yaya," kisha mutandao inakatika. Barua utakaa nayo. Tena kuna kitu lazima ikufikie mukononi, njo maana nimemupa Mama Douce, jirani yangu, anayeteremuka kila wiki huko kwenu Kanengo kununua pumba ya kuku.

Sasa usicheke. Yaya wako, dada yako mukubwa, anachora picha. Na miaka yangu makumi tano na moja!

Ilianza Desemba ya mwaka juzi. Unajua ningali nauza kaunjika, nguo za mitumba. Nilifungua balo, na ndani ya mufuko wa koti ya mutoto nikakuta kakopo ka bati, na ndani yake vidonge kumi na mbili vya rangi. Nikadhani ni dawa ya kujipamba macho. Siku ya Mungu nikajipaka ile ya kijani, nikaenda kanisani, mvua ikaninyeshea njiani. Kufika saa ya sadaka, nilikuwa na machozi ya kijani mpaka kidevuni! Pasta alisimamisha wimbo akidhani ninaumwa. Kurudi nyumbani, Faraja akasoma kifuniko: "Mama, hizi ni rangi za maji. Ni za kuchorea." Nikaona haya, halafu nikaona tamaa.

Hakuna muntu alinifundisha. Karatasi ya daftari inakunjamana. Boksi ya sabuni inakunywa rangi yote. Mwisho nikapata karatasi nzito kwa wale banaoprinti kadi za harusi, banatupa vipande. Nyeupe haimo ndani ya kopo. Nilitafuta mwezi mzima mpaka nikaelewa kama nyeupe njo karatasi yenyewe, unaiacha kavu. Ukifunika ile nukta nyeupe ya jicho, basi, hairudi, unaanza upya. Nimeharibu karatasi, weh! Faraja aliwashia nazo makaa mwaka mzima.

Kisha yakaja mambo ya bafu, bantu waliokufa. Unajua bantu wa hapa walikimbia na nguo ya mwilini. Siku ya kuondoa matanga, meza iko, kitambaa iko, maua iko, na katikati fasi ya foto hakuna kitu. Mama Gabriella akaniomba nimuchoree mama yake. Nikamuambia, mi sikumuona, nitamuchoraje? Nikamukalisha, nikamuuliza: ni nani kwenu alichukua pua yake? Kidevu iko kwa nani? Nikachora nikimuangalia yeye na dada yake. Alipoiona alikaa chini kwenye udongo. Tangu siku ile banakuja. Nimechora bafu kumi na tisa, na sijamuona hata mumoja.

Mwenye makumi mbili ni Papa Faraja. Moïse, bwana yangu. Mwezi wa tano itakuwa miaka kumi tangu uliponiletea shati yake kutoka Uvira, na mi sijaondoa matanga, kwa sababu sikutaka kuondoa matanga ya meza tupu. Nyusi na masikio nimezichukua kwa Faraja. Shati, ile ya mistari ya bluu, niliitoa ndani ya sanduku, nikaitundika kwa musumari, nikaichora musitari kwa musitari.

Tumeweka tarehe: jumamosi 25 Mei. Na kuna sababu, usijifanye haujui. René, yule fundi cherehani mujane, aliniomba anioe. Pasta alisema kwanza niondoe matanga. Nimesema ndiyo, Balagizi. Nina woga, na nina furaha, vyote pamoja.

Ipeleke picha kwa yule muntu wa kadre kule Area 47, aitie ndani ya fremu na kioo. Lakini kwanza uniambie. Mi nimesahau mingi, na we njo ulimuona wa mwisho, hata kama alikuwa alisha kufa. Usinibembeleze. Anafanana?

Yaya wako,
Ernestine


Lilongwe, Area 23, 24 Machi 2024

Yaya Ernestine,

Ninakusalimia sana sana katika jina la Bwana. Nicole anakusalimia, batoto banakusalimia, mama mukwe wangu anakusalimia, hata mwenye nyumba aliyekuona mara moja tu ameuliza habari yako. Mudogo alisha tembea, sasa anakimbia. Kazi iko, tunashukuru. Mahindi yamepanda bei lakini nsima haikosekani. Mugongo wako uukande na maji ya moto na chumvi. Unisamehe kuchelewa, kulikuwa na mambo.

Picha ilifika. Yaya, nilishituka. Niliifungua nimesimama, nikakaa. Nicole aliuliza, "Ni nani?" Sikujua kama mukono yako inaweza kufanya kitu kama hiyo.

Lakini uliniomba ukweli. Haifanani. Pua yake ilikuwa pana kuliko hiyo. Nyusi umezitia nzito mno. Mudomo unacheka, na yeye hakuwa muntu wa kucheka na kila muntu. Tena zile mvi za pembeni ya masikio umezisahau, na jino ya mbele, ya kushoto, haiko, lakini we umeiweka. Bantu wataona na watasema mingi.

Mi ninaona hivi: weka shati peke yake juu ya meza. Wengi wanafanya vile, si haya. Sijaipeleka kwa kadre, usipoteze kwacha zako na rangi zako bure.

Mudogo wako,
Balagizi


Dzaleka, 7 Aprili 2024

Balagizi,

Salamu. Tuko wazima.

Barua yako niliisoma nikalia, sikuficha. Miezi minne nilifanya ile sura, na unaniambia haifanani! Lakini we njo ulimuona. Nikasema, Ernestine, acha kiburi. Nikachukua karatasi nyingine.

Pua nikaipanua. Mudomo nikaufunga kidogo. Pembeni ya masikio nikaacha karatasi kavu, nikavuta nywele moja moja na maji machafu ya brashi, mvi zikatoka vizuri kuliko nilivyongojea. Jino ya kushoto nikaweka tone ya nyeusi. Nikaisimamisha kwa ukuta ikauke. Faraja akaingia na maji, akaangalia, akauliza: "Mama, huyu ni babu?"

Brashi ilinianguka ndani ya chai.

Moïse alituacha akiwa na miaka makumi tatu na nane. Alisema anarudi Bukavu wiki tatu kutafuta papiye, vyeti vyake vya shule. Kichwa yake ilikuwa nyeusi tii! Na meno, weye mwenyewe ulikuwa kwenye harusi yetu, ulimuona akifungua chupa za bia na meno, wazee wakipiga makofi. Alitoka humu ndani na meno yote. Mwaka uliofuata uliniambia umemuzika.

Mudogo yangu, mvi uliziona wapi? Jino, nani aliitoa?

Labda nimekuwa mwenda wazimu na hizi rangi. Uniambie kama ni wazimu, nitafurahi. Picha hii ya pili ninaituma pamoja na barua, Mama Douce ameifunga ndani ya kitenge. Ujibu mbio.

Ernestine


Lilongwe, 19 Aprili 2024

Yaya mupendwa,

Salamu nyingi, tena nyingi. Usinikasirikie. Nilichanganya. Nilikuwa nimechoka na kazi, na akilini mwangu alikuja mujomba Birindwa, ile mvi yake na lile pengo. Nyusi zinafanana kidogo, njo nikachanganya. Tena muntu aliyekaa majini siku tatu nywele zinabadilika, haukuona, mi niliona. Usiniulize zaidi, inaniumiza.

Fanya matanga yako, yaya. Olewa na René, ni muntu muzuri. Bafu tuwaache walale.

Nimekutumia brashi mbili mpya na karatasi nzito, nimenunua katika duka ya bashule. Ni zawadi.

Balagizi


Dzaleka, 28 Aprili 2024

Balagizi,

Leo sikusalimii.

Mujomba Birindwa alikuwa na kipara tangu miaka makumi tatu. Mvi zingemea wapi? Na alizikwa na meno yake yote, weye ulishika sanduku upande wa kichwa. Ukitaka kudanganya, usiwasingizie bafu ambao mi nawajua.

Ijumaa Mama Douce alirudi kutoka Kanengo. Hakwenda kwake, alikuja kukaa juu ya balo yangu na majasho yake. Akasema: "Mama Faraja, usikasirike. Siku ile kwenye minibasi kitenge ilifunguka, nikaona picha. Ni wiki mbili nanyamaza. Kwa nini umemuchora Mista Phiri?"

Phiri gani? Mi sijui Phiri.

"Yule anayeshona midomo ya magunia kwenye depo ninaponunua pumba. Mvi hapa, na hapa. Hana jino ya mbele, akicheka anaziba na mukono."

Anaziba na mukono! Ile picha ya kwanza Mama Douce aliibeba vilevile, aliiona, hakusema kitu, kwake alikuwa kijana asiyemujua. Hii ya pili, yenye pua yako, na mvi zako, na pengo lako, aliitambua palepale. Weye njo ulimaliza kuifananisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye ndoo ya pumba.

Sili. Faraja anauliza kama ninaumwa, namuambia ni mugongo. Kanisani bamama wameanza kugawana nani atapika mchele, nani atapika sombe, siku ya matanga yangu, na mi sijui kama ni mujane ama ni nini. Ninakungojea wiki moja. Usipojibu, nitapanda minibasi na Mama Douce.

Ernestine


Lilongwe, 3 Mei 2024

Yaya,

Unisamehe. Ni yeye.

Uvira sikukudanganya. Ninaapa juu ya kichwa cha mudogo wangu anayekimbia. Waliniita ziwani, mwili ulikuwa umelala, uso haukubaki. Niliona shati ya mistari ya bluu, kifungo cha tatu ulichokishona na uzi mwekundu. Nani hangesema ni yeye? Tulizika jioni ile ile, nikakuletea shati.

Mwezi wa sita wa 2021 nilikwenda Kanengo kutafuta kibarua ya kubeba magunia. Muntu aliyekuwa anashona akainua kichwa. Yaya, nilipiga kelele ndani ya depo, bantu wakadhani gunia limeniangukia! Alinivuta nyuma ya mahindi, akaniziba mudomo. Mukono ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimemuzika mimi mwenyewe, na mukono ulikuwa wa moto.

Anasema njiani alimupa shati mwenzake wa safari aliyekuwa na homa. Vita vikawatawanya, yeye akapitia Tanzania. Alifika Malawi 2015, akafanya kwanza kibarua miezi mingi. Kabla ya kuingia Dzaleka alikutana na muntu wa kwetu, akamuambia bibi yako alisha lia matanga yako. Na siku ile alikuwa alisha pata mwanamuke wa hapa, mwenye mimba. Akaona haya, akageuza. Sasa wana batoto wawili. Anajiita Phiri, Chichewa yake hauwezi kujua kama ni Mushi wa kwetu Bukavu.

Aliniomba kwa magoti. Alisema, Ernestine alisha lia, usimufanye alie mara ya pili. Nikakubali. Na nimalize yote: kazi ninayofanya, yeye njo aliniombea kwa bosi. Miaka mitatu batoto wangu banakula juu ya kinywa changu kilichofungwa. Nilijiambia ninakuchunga. Nilikuwa ninachunga sahani yangu.

Picha yako ya kwanza ilifanana, yaya. Ilifanana mpaka nikaigeuza kwa ukuta. Nikatafuta makosa ya kukuambia, na kila siku ninamuona na mvi zake, mukono ukaandika.

Yeye hajui kitu juu ya picha.

Balagizi


Dzaleka, 12 Mei 2024

Mudogo yangu Balagizi,

Tuko wazima. Nimekusalimia, basi ujue kama hasira imepungua kidogo, haijaisha.

Barua yako ilifika jumatatu. Nilikaa nayo siku mbili. Kitu cha kwanza kilichonijia si Moïse. Nilijiuliza: tulilia mutoto wa nani? Kuna mama fulani anangojea muntu ambaye weye ulimuzika na mi nilimufungia kitambaa cheusi. Nimemuombea. Jina lake sina.

Jumatano niliomba ruhusa ya kutoka kambini, nikateremuka na Mama Douce. Nilivaa chitenje chini, kingine kichwani, kama bamama wa hapa, na kakopo kangu mufukoni. Mbele ya mulango wa depo kuna mama anauza nsima na maharagwe. Nikanunua sahani moja kwake, nikamuomba nikae kwenye benchi yake. Mulango ulikuwa wazi.

Alikuwa pale. Ameketi juu ya gunia, mashine ya kushona mukononi. Mungu wangu! Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kukimbia, nilitaka kumutupia ile nsima. Nikafungua kopo. Sikujua nifanye nini kingine na mikono.

Nilianza na mvi, kwa sababu ni karatasi kavu, lazima ujue mapema utaziacha wapi. Halafu nyusi. Nyusi sikuwa na haja ya kuziangalia. Bantu wakaanza kukusanyika nyuma yangu, wabeba magunia, wanacheka: "Ni Phiri! Ni Phiri!" Saa ya kula ikagonga, na yeye akatoka kuona bantu wanacheka nini. Alisimama nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi yake. Miaka saba nililala karibu na ile pumzi.

Akauliza: "Zingati, amayi?"

Bei gani, mama! Alidhani mi ni mama wa hapa anayechora bantu kwa kwacha. Sikugeuka. Nikamujibu kwa Mashi, lugha ya nyumba yetu, kwamba haiuzwi, ni ya matanga.

Cheko ikakatika. Nilisafisha brashi, nikafunga kopo, karatasi ikiwa mbichi nikaiweka juu ya benchi, na nikaondoka. Mama Douce alinishika mukono mpaka kwenye minibasi.

Faraja nimemuambia. Hakulia. Aliomba ile picha ya pili, nikamuambia iko kwako. Sasa anajiangalia masikio kwa kioo.

René nimemuambia. Aliniuliza kama nimekula. Pasta naye anasema hivi: siwezi kuolewa juu ya barua ya Balagizi. Lazima bazee ba kanisa basikie kwa kinywa cha Moïse mwenyewe kama ni yeye aliyeacha nyumba na hatarudi. Hapo njo nitakuwa huru.

Basi sikiliza. Tarehe sikuibadilisha. Mchele umenunuliwa, bantu wameitwa. Jumamosi 25, saa nne ya asubuhi, meza itakuwa na kitambaa na maua. Weye utaleta picha ya kwanza ndani ya kadre na kioo, kama nilivyokuomba tangu Februari. Nitaiweka katikati. Na utamuleta yeye. Atakaa kwenye kiti pembeni ya picha, aseme mbele ya bantu wote ni nani na alifanya nini. Simutukani, simupigi, sihitaji arudi. Kazi yako ikikatika kwa sababu hiyo, utakuja kuuza kaunjika na mimi.

Bantu wataangalia wenyewe kama inafanana.

Yaya wako,
Ernestine


Lilongwe, 21 Mei 2024

Yaya,

Salamu. Kadre iko tayari, kioo pia. Muntu wa kadre aliuliza ni nani aliyechora, nikasema ni dada yangu, hakusadiki.

Siku tatu alikataa. Alishona magunia manne akisahau kuweka pumba ndani. Jana bibi yake alikuta ile picha ya benchi, akamuuliza, na yeye akamuambia yote. Leo asubuhi amekubali. Tutapanda minibasi ya kwanza jumamosi.

Anauliza avae nini.

Balagizi


Dzaleka, 23 Mei 2024

Balagizi,

Umuambie asihangaike. Shati yake iko hapa, nimeipiga pasi.

Ernestine